Saa Elfu Sita za Injini Mpya

Kila asubuhi, kabla hata hajanawa uso, Dereva alikwenda uani kulitazama trekta lake. Mumewe, fundi cherehani, alikwishazoea. Alisema tu kwamba naye angekuwa na magurudumu manne, huenda angejuliwa hali mapema. Kisha alikwenda jikoni kuteka maji kwenye bomba lililokuwa likivuja tangu mwaka jana, tone baada ya tone, ndani ya sufuria ileile.

Mtaa mzima ulimwita Dereva, hata mama mkwe wake. Kwa miaka kumi alikuwa akiwalimia watu mashamba. Trekta lilikuwa kuukuu, lakini miezi miwili iliyopita lilitiwa injini mpya. Ilikuja ndani ya sanduku la mbao, na juu yake nati mbili zilipigwa lakiri nyekundu. Muuzaji alimweleza bila kuzunguka. Injini ikisumbua ndani ya mwaka mmoja, atapewa nyingine. Lakiri ikivunjwa, hawajuani.

Dereva aliilea injini ile kama mtoto mchanga. Kila siku aliiwasha ikanguruma polepole uani kwa saa nzima, bila plau, bila tela, bila kazi yoyote. Aliona ni vizuri izoee kwanza. Ilipofika saa hamsini alimwaga oili ya kwanza, kama kitabu kilivyoagiza. Akachota kidogo kwenye chupa safi, akaipeleka maabara ipimwe. Fomu aliijaza mumewe, kwa sababu mwandiko wake ulinyooka kama mshono.

Majibu yalikuja Jumatano. Kulima kulitarajiwa kuanza Jumatatu, na wakulima kumi na mmoja walikuwa wakimsubiri.

Karatasi ilikuwa nyekundu kuliko lakiri yenyewe. Chuma 112, mwisho unaoruhusiwa 60. Shaba 38, mwisho 20. Silikoni 47, mwisho 20. Chini yake paliandikwa: "Injini inachakaa kwa kasi. Ichunguzwe."

Wa kwanza kuisoma kwa sauti alikuwa mdogo wa mumewe, fundi baiskeli. Watu walimwita Spana kwa sababu hakukuwa na kitu mtaani ambacho hakuwahi kukifungua. Kukifunga ilikuwa habari nyingine. Redio ya mama yake aliifungua miaka mitatu iliyopita, na hadi leo ilikuwa ndani ya ndoo.

"Shemeji, injini inajitafuna," alisema. "Jumatatu itakuzimikia katikati ya shamba la watu. Niache nifungue juu tu, nichungulie."

"Na lakiri?"

"Lakiri inalima?"

Mumewe alitaka injini irudishwe kwa muuzaji. Lakini kwenda na kurudi ni wiki mbili, na mvua haiombwi ruhusa. Dereva alisimama katikati yao, karatasi mkononi. Masikio yake yalimwambia injini ni nzima. Karatasi ilisema inakufa. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi, hakujua amwamini nani.

Alipogeuka, Spana alikwishaweka spana kwenye nati ya kwanza.

"Usiizungushe mpaka nirudi," alimwambia, akatoka mbio.

Alikwenda nyumba ya pili, kwa Mama Jenereta. Huyu ndiye aliyetunza majenereta ya hospitali, na taa za chumba cha upasuaji hazijawahi kumzimikia. Alikuja akijifuta mikono, bila haraka. Alimtazama Spana kwanza, injini baadaye.

"Weka chini hiyo spana, baba. Mgonjwa hajapimwa, wewe umeshashika kisu."

Kisha akachukua karatasi. Wengine wote walianza kuisoma kwenye rangi nyekundu. Yeye alianza juu kabisa, kwenye jina la mwenye trekta.

"Injini hii imefanya kazi saa ngapi?"

"Hamsini," alisema Dereva.

"Hapa pameandikwa elfu sita mia nane na arobaini."

Watu wote walimgeukia fundi cherehani. Alikohoa kidogo. Alieleza kwamba fomu iliuliza saa za injini, naye akaenda kuzisoma kwenye mita ya trekta, akaziandika vizuri sana. Hakukumbuka kwamba mita ile ilihesabu kazi ya injini ya zamani, na hakuna aliyeirudisha kwenye sifuri.

Mama Jenereta alicheka mpaka akaegemea gurudumu. "Maabara hawakukosea kupima. Wamelinganisha mtoto na mzee, basi."

Alieleza taratibu. Ndani ya injini mpya, kuta za silinda na pete za pistoni bado zina ukwaruzo mdogo usioonekana kwa macho. Zinasuguana mpaka zikae sawasawa. Unga mwembamba wa chuma unaotoka huingia kwenye oili. Ndiyo maana oili ya kwanza humwagwa mapema, na namba zake huwa kubwa. Namba kama hizo kwa injini iliyozeeka zingekuwa hatari. Kwa injini ya saa hamsini, ni za kawaida.

"Kumbe ni kama kitambaa kipya," alisema fundi cherehani. "Siku ya kwanza kinatoa nyuzi. Kikifuliwa mara mbili tatu, zinakwisha."

"Umeieleza vizuri kuliko mimi. Ungejua na kusoma mita, tungekuajiri."

Spana hakukubali kushindwa upesi. Aliuliza kuhusu silikoni. Silikoni si mchanga? Na mchanga si vumbi linalokula injini?

"Hilo ni swali zuri," alisema Mama Jenereta, na Spana akanyoosha mgongo. "Lakini vumbi haliji peke yake. Huja na alumini. Soma alumini."

"Sita."

"Ndogo. Silikoni ikipanda peke yake kwenye injini mpya, mara nyingi ni gundi iliyobandikiwa gasketi. Hata hivyo tusiiamini karatasi peke yake. Kagua paipu ya hewa."

Spana aliipapasa paipu kutoka kwenye filta hadi kwenye injini. Vibanio vilikuwa vimekaza. Ndani yake hapakuwa na vumbi.

"Basi ni kipi kingekutisha?" aliuliza Dereva.

"Haya ya chini, ambayo hamkuyasoma kwa sababu hayana rangi. Maji kwenye oili: hakuna. Dawa ya rejeta: hakuna. Dizeli: kidogo mno. Moja ya haya likionekana, hata injini iwe ya jana, mpigie muuzaji siku hiyohiyo. Hayo hayana utoto."

Dereva aliichukua karatasi yake. Lakini jirani yake hakuwa amemaliza.

"Sasa niambie. Ile ngurumo ninayoisikia kila asubuhi ni ya nini?"

Dereva alieleza malezi yake. Mama Jenereta alitikisa kichwa.

"Unaiharibu kwa mapenzi, mwenzangu. Nguvu ya kazi ndiyo inayosukuma pete zikumbatie silinda. Ukiiacha ingurume bure, pete zinalegea, ukuta unakuwa laini kama kioo, na itakunywa oili maisha yake yote. Ipe plau. Usiikamue siku nzima, ila ibadilishie mwendo, na uangalie joto."

Siku hiyohiyo Dereva aliipigia simu maabara akasahihisha saa. Jibu jipya lilikuwa fupi: kawaida kwa injini mpya, pimeni tena. Jumatatu aliingia shambani na plau nyuma. Mistari miwili ya kwanza aliilima akiitegea injini sikio. Wa tatu aliulima akipiga mluzi.

Baada ya saa mia moja za oili mpya, alichota tena. Safari hii alifuata alivyofundishwa: injini ikiwa ya moto, oili ya mwanzo akaiacha imwagike, akakinga ya katikati kwa chupa safi. Mumewe aliandika fomu, akaisoma mara tatu, akamwonyesha na mama yake.

Majibu yalikuja mashamba yote kumi na moja yakiwa yameshalimwa. Chuma 46. Silikoni 15. Fundi cherehani aligawa kwa chaki juu ya meza yake: mwanzo, chuma zaidi ya mbili kwa kila saa, sasa, haifiki hata nusu. Kwenye shaba palibaki alama ndogo ya njano, na Spana aliiona kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Shemeji, hii hapa 24. Nichungulie?"

Dereva hakukimbilia kwa jirani. Aliichukua karatasi, akaiweka kando ya ile ya kwanza.

"Ilikuwa 38 kwa saa hamsini. Sasa ni 24 kwa saa mia. Inashuka. Shaba huchelewa kutulia, nitaitazama tena oili ijayo."

Spana alibaki ameshika spana yake, hana pa kuipeleka. Dereva alimhurumia.

"Nenda jikoni," alimwambia. "Lile bomba linavuja tangu mwaka jana, na halina lakiri."