Sauti Iliyotangulia Midomo

Siku mbili kabla ya Idi, Chake Chake haikuwa na pa kukanyaga. Zuweina alijipenyeza katika duka la vifaa vya umeme, buibui lake lenye ukingo wa zambarau likinasa kwenye mifuko ya watu, akashika waya wa kamera za zamani. Ulikuwa mmoja tu. Ncha ya pili ilikuwa mkononi mwa kijana mrefu aliyevaa kanzu ya rangi ya maziwa.

"Kaka, huu mie nimeuona toka mlangoni."

"Na mie nimeuota toka jana." Akauachia. "Chukua, dada. Ila niambie unautakia nini, nisife na hamu."

Zuweina alicheka, akamweleza. Alikuwa akihamishia kwenye kompyuta kanda za zamani za harusi, zile za ukumbi wa wanawake, ambazo hazipewi fundi mwanamume. Kijana, Muhannad wa Vitongoji, aliandika programu za kompyuta, alijifundisha mwenyewe.

Kufikia msimu wa karafuu alikuwa ameshamwandikia programu ya kusafishia kanda hizo, na kila alasiri simu ililia.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula. Na hiyo programu yako imekula?"

"Imeshiba, inakuuliza wewe tu."

Programu yake ilitegemea maktaba ya bure, yaani mkusanyiko wa programu ndogondogo za kusomea picha na sauti, kazi ya watu wa mbali wanaojitolea. Watu hao waligombana, wakagawana. Sasa kulikuwa na matawi mawili ya maktaba hiyo, na kila moja lilidai ndilo lenyewe. Moja lilifagia mambo ya zamani, likawa jepesi na safi. La pili lilibeba kila kitu, hata kamera ambazo hazitengenezwi tena. Muhannad alisoma wiki nzima, akachagua lile safi.

Ndipo akaja Bi Kazija wa Ole na kanda ya harusi ya binti yake, marehemu Khairat. "Nataka nimwone akiimba, mwanangu. Basi."

Zuweina aliipitisha kanda kwenye programu. Khairat alitokea wa kijani, kama mtu anayetazamwa chini ya maji. Sauti ilitangulia midomo. Wimbo ulikwisha naye bado anaimba kimya.

Alimpigia Muhannad. "Tawi ulilochagua haliisomi kanda hii."

"Haiwezekani, mpenzi. Nimelijaribu mara kumi."

"Kwa picha zipi?"

"Za simu yangu. Hebu nitumie kipande nione."

"Nimtume marehemu wa watu, kichwa wazi, kwa mwanamume? Mie si nimekwambia nilichokiona?"

"Labda umekosea kuweka..."

Zuweina alikata simu. Hakuwa na ugomvi na matawi. Kama leo haniamini kwa nilichokiona kwa macho yangu, aliwaza, nikiwa nyumbani kwake atanisikiliza lini?

Siku nne hakupokea. Alasiri harufu ya karafuu zilizoanikwa uani iliingia dirishani, naye akasinzia, akamwona Muhannad akizungumza ng'ambo ya kioo, asisikie neno.

Siku ya tano ulikuja ujumbe: "Nimeazima kamera kama ile kwa Ami Suud, nikajirekodi. Nimekuwa kijani. Ilinipasa nikuamini kabla ya kujionea. Nimehamia tawi la pili. Programu hii hapa, na rekodi yangu."

Zuweina alianza na Khairat. Alitoka na rangi yake, hina mikononi, wimbo ukitoka kinywani mwake. Bi Kazija alisogeza kiti karibu, akaweka kiganja juu ya kioo, hakukiondoa mpaka wimbo ulipokwisha.

Bi Kazija alipoondoka, Zuweina alifungua rekodi ya Muhannad. Amevaa kofia iliyofumwa kwa mkono, jasho puani.

"Zuweina, Ijumaa mama na shangazi watakuja kwenu kuleta posa. Ukisema wasije, nitakuamini."

Aliitazama mara tatu, kisha akapiga simu.

"Kanda ya Bi Kazija imekaa sawa."

"Alhamdulillahi. Na yangu?"

"Yako ina kasoro."

Muhannad hakubisha. Hakuuliza kama ameiweka vibaya.

"Kasoro gani?" alisema taratibu. "Niambie, nitaitengeneza."

"Umesema Ijumaa," alijibu Zuweina, akivuta mtandio usoni ingawa hakuna aliyemwona. "Waje Alhamisi."