Nyayo za Njano na Bomba Kavu

Kwa msusi hapakosi watu. Mmoja anasukwa, wawili wanangoja zamu, watatu wamekuja kupiga soga tu. Lakini siku hiyo msusi hakuwa na raha. Binti yake wa darasa la tatu alikuwa anaharisha tena, mara ya tatu muhula huo. Alilala chumba cha pili, midomo imemkauka.

Bwana afya alipita kumjulia hali.

"Mama, huyu ananawa mikono kweli? Pale shuleni tumechora nyayo za njano, kutoka chooni mpaka bombani. Mtoto anazifuata, ananawa bila kusukumwa. Kwingine zimefanya kazi. Mwezi ujao tunaongeza rangi."

Binti akajibu kutoka chumbani, "Shikamoo. Nazifuata. Nikifungua bomba, linakohoa tu."

Wanawake wakacheka. Fundi bomba, jirani aliyekuwa akimngoja mkewe, akainuka.

"Twende tukaone, bwana afya. Saa hizi ni mapumziko."

Msusi aliacha kichwa cha mtu nusu, akawafuata.

Shuleni watoto walitoka chooni wakikanyaga nyayo moja moja. Walifika bombani, wakafungua. Halikutoka tone. Wakafuta mikono kwenye nguo, wakaenda kula.

"Umeona?" fundi alisema. "Ujanja wako si mbaya. Unamsaidia anayesahau. Hawa hawajasahau, hawana maji. Bomba la shule na la mtaa mzima yanalishwa na mpira mmoja mwembamba. Asubuhi mtaa ukichota, huku hakifiki kitu. Hapa panatakiwa tangi, lijae usiku."

"Ombi la tangi lina safari ndefu," bwana afya alisema. "Rangi ilipita upesi."

"Baba, mwanangu hanawi kwa rangi," msusi alimjibu.

Kesho yake bwana afya alifuta ombi la rangi, akaandika la tangi, na kila wiki alilifuatilia mwenyewe. Tangi lilipofika, wazazi walichimba mtaro. Fundi akaunganisha mabomba manne. Walimu wakaning'iniza sabuni kwenye vifuko vya wavu. Nyayo hazikufutwa. Sasa ziliwakumbusha wale wanaotoka chooni mbio, na maji yalikuwepo.

Muhula uliofuata binti wa msusi hakukosa shule hata siku moja. Kila mchana alirudi na miguu ya vumbi, mikono safi, akipita katikati ya wageni wa mama yake akidai chakula.