Sweta la Kompyuta

Tumpe anakaa Tukuyu, kwa Bibi. Tukuyu kuna mvua, kuna ukungu, kuna baridi ya kung'ata masikio.

Mama yake yuko mbali, Dodoma. Anasomea uuguzi. Kila jioni Mama anamsomea Tumpe hadithi kwenye kompyuta.

Kompyuta iko sebuleni. Ina kioo, na pembeni ya kioo kuna sanduku jeusi. Ndani ya sanduku kuna feni ndogo.

Vuuu, vuuu, vuuu, inaimba feni.

Nyumbani kwa Bibi hakuna anayesikia baridi. Tumpe ana sweta. Paka ana sweta. Hata birika la chai lina sweta.

Siku moja Bibi akamaliza kufuma sweta jipya. Jekundu, lenye vishada.

"La nani hilo, Bibi?"

"La kompyuta, mke mwenzangu. Nayo ipate joto, maskini."

Bibi akalivalisha lile sanduku jeusi. Likakaa vizuri, mbele na nyuma.

Jioni Mama akatokea kwenye kioo. Wakasalimiana. Wakacheka. Wakaimba kidogo. Kisha Mama akafungua kitabu.

"Palikuwa na kalunguyeye mdogo, mnyama wa miiba. Akapotea njia. Akatembea, akatembea, mpaka mtoni." Mama akakunja pua yake, nyu-nyu-nyu, kama kalunguyeye. "Akainua kichwa. Akaona..."

Tup! Kioo kikawa cheusi. Feni kimya.

"Akaona nini?" akauliza Tumpe.

"Umeme huo," akasema Bibi. "Umekatika."

Tumpe akatazama juu. Taa inawaka. Mmm. Si umeme.

Tumpe akakunja mikono kifuani.

"Leo sijui. Kesho nitajua!"

Kesho yake Tumpe akamwita Bibi. "Bibi, labda waya umelegea."

Tumpe hakugusa soketi. Soketi ni ya watu wazima. Bibi akafuta mikono kwa kanga mpaka ikakauka kabisa. Akaisukuma plagi. Ka! Ikakazika.

Jioni Mama akafungua kitabu. "Tuendelee pale tulipoishia?"

"Hapana, Mama. Tangu mwanzo!"

Basi tangu mwanzo. Kalunguyeye akapotea njia. Akatembea, akatembea, mpaka mtoni. Akainua kichwa. Akaona...

Tup! Kioo kikawa cheusi.

Mara simu ya Bibi ikalia. Ni Mama. "Mwanangu, nikumalizie kwa simu?"

Tumpe akafikiri. "Hapana, Mama. Kwenye simu siioni pua."

"Pua gani?"

"Ile pua yako ya kalunguyeye."

"Haya, mwanangu. Tutangoja."

Tumpe akakunja mikono kifuani.

"Leo sijui. Kesho nitajua!"

Kesho yake akaja Mjomba Ambwene, kaka yake Mama. Mfukoni ana bisibisi na brashi laini. Bibi alikuwa ameshalivua lile sweta mapema, lisije likaingia vumbi.

"Shikamoo, Mjomba. Twende tufungue kompyuta!"

"Marahaba. Weee! Unampasua mgonjwa tumbo akiwa macho? Kwanza tunaizima."

Tumpe akaizima. Feni ikalala.

"Sasa nachomoa waya ukutani." Mjomba akachomoa. "Tunaiacha ipoe. Halafu tunagusa chuma cha sanduku, ule umeme mdogo wa vidoleni ututoke."

Wakagusa chuma. Baridii!

Mjomba akafungua sanduku, polepole.

"Lo! Feni ina ndevu!" Tumpe akacheka. Zilikuwa ndevu za vumbi, nene, za kijivu.

"Nipulize, Mjomba?"

"Usipulize. Mate yataruka ndani."

Mjomba akaishika feni kwa kidole, isizunguke. Tumpe akapitisha brashi. Swii, swii, swii. Ndevu zikaanguka.

Pua ya Tumpe ikawasha. Akageuka upande haraka. Ha... ha... hapchaa!

Wakafunga sanduku. Mjomba akarudisha waya. Wakawasha.

Vuuu, vuuu, vuuu. Wakangoja. Haikuzimika.

"Imepona!" akasema Mjomba, akaenda zake mpirani.

Bibi akachukua sweta jekundu, akalivalisha sanduku. "Haya, umeoga. Vaa sasa."

Jioni ikafika. Kalunguyeye akatembea, akatembea, mpaka mtoni. Akainua kichwa. Akaona...

Tup!

Chozi likamshuka Tumpe. Akalifuta kwa mkono wa sweta lake.

Akakunja mikono kifuani. Safari hii akasema kwa sauti ndogo.

"Leo sijui. Kesho nitajua."

Kesho yake jua likatoka. Tumpe akacheza kombolela na watoto wa jirani. Akakimbia, akajificha, akakimbia tena. Akarudi nyumbani anahema.

"Vua hilo sweta!" akasema Bibi. "Unakimbia umejifunika hivyo? Utaiva kama ndizi!"

Tumpe akavua mkono mmoja. Halafu akasimama tuli, nusu kavaa, nusu kavua.

"Bibi," akasema. "Na feni inakimbia."

"Inakimbia wapi?"

"Humo ndani. Inakimbia, na imevaa sweta."

Bibi akaligeukia lile sweta jekundu. Tumpe akaogopa kidogo. Bibi alilifuma lile sweta kwa vidole vyake vinavyouma. Je, akikasirika?

Lakini Tumpe alitaka kujua. Akamshika Bibi mkono.

"Njoo uguse, Bibi. Tafadhali."

Wakawasha kompyuta, ikiwa na sweta lake. Wakakaa. Wakangoja. Paka naye akangoja.

Bibi akaweka kiganja nyuma ya sanduku, pale penye matundu ya kutolea joto. Akakitoa upesi.

"Mama yangu! Inachemka kama sufuria ya maharage!"

Bibi akaketi. Uso wake ukanywea. "Kumbe mimi ndiye ninayekukatia hadithi?"

"Si wewe, Bibi. Ni joto. Likizidi sana, kompyuta inajizima isiungue."

"Mmm."

"Na sweta ni zuri, Bibi. Lina vishada."

Bibi akamtazama Tumpe. Akalitazama sweta. Akaanza kucheka, akacheka mpaka kilemba kikamkaa upande.

Akalivua lile sweta yeye mwenyewe, kishada baada ya kishada.

"Nisamehe, mgeni wangu," akaiambia kompyuta. "Nilikupika ndani ya sufu. Ukifanya kazi, kaa wazi, upumue. Ukishalala na kupoa, ndipo ujifunike, vumbi lisikuingie. Tumeelewana?"

Vuuu, ikasema feni.

"Imekubali!" akasema Tumpe.

Jioni Mama akatokea kwenye kioo. Akafungua kitabu.

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo!"

Kalunguyeye akapotea njia. Akatembea, akatembea, mpaka mtoni. Nyu-nyu-nyu. Akainua kichwa. Akaona...

Tumpe akabana pumzi. Bibi akashika kiti.

Vuuu, vuuu, vuuu.

"...akamwona mama yake."

"Wapi?" akauliza Tumpe.

"Wapi?" akauliza Bibi.

"Ng'ambo ya mto. Na mto umejaa, hauvukiki. Basi kalunguyeye akakaa ukingo huu, mama yake akakaa ukingo ule. Kila jioni wakaongea, mpaka maji yakapungua."

"Yakapungua kweli?"

"Yakapungua kweli."

"Halafu?"

"Halafu mama yake akavuka."

Mama akakunja pua. Tumpe akakunja pua. Bibi akadhani hawamwoni, naye akakunja yake.

"Usiku mwema, mwanangu."

"Usiku mwema, Mama."

Tumpe akaizima kompyuta taratibu, akangoja feni inyamaze. Bibi akambeba mpaka kitandani, akamfunika blanketi zito.

Nje mvua ikaanza. Cha, cha, cha, juu ya bati.

"Bibi?"

"Lala, mke mwenzangu."

"Mama akija, tutampokea stendi?"

"Tutampokea."

"Mapema?"

"Mapema, kabla jogoo hajawika. Tutakuwa wa kwanza kabisa pale."

Tumpe alikuwa ameshalala.