Jiwe la Buluu la Musimbi

Miaka ile miwa ilipomeza mahindi mpaka ukingoni mwa viwanja vya shule, na kila aliyevuna akanunua redio, Shikanga wa Iguhu alikuwa na wazimu wake wa pembeni: mawe. Wiki nzima alishinda kwenye mizani ya miwa kiwandani. Jumamosi, wenzake wakielekea kwenye pombe ya busaa, yeye alishika nyundo na gunia akaenda kwenye machimbo ya dhahabu yaliyoachwa na Wazungu. Dhahabu yenyewe hakuitaka. Alitaka mawe yenye shaba, ya kijani kibichi na ya buluu ya wino wa shule. Aliyasugua kwa mswaki, akayapanga rafuni sebuleni, kila moja na kikaratasi chake cha tarehe. Mkewe Rosebella alimtania kwamba siku moja angempakulia hayo mawe badala ya obusuma, ugali wa kwao.

Tena alikuwa na mazoea. Kila alipookota jiwe zuri aliliambia, "Haya, twende nyumbani." Kwao hayo hayakuwa maneno ya kuchezea. Mtu akifia mbali, jamaa zake huenda pale pale alipofia, wakamwita kwa jina, wakamwambia twende nyumbani, kisha wakarudi na roho yake ndani ya jiwe au udongo wa mahali hapo bila kugeuka nyuma. Shikanga aliyajua vizuri hayo. Ila yeye alijiona mtu wa kanisa na wa mizani, mambo ya wazee akawaachia wazee.

Jumamosi moja ya Mei, jua likiwa utosini, aliona jiwe limekwama kwenye mdomo wa shimo lililoporomoka. Lilikuwa buluu tupu, kubwa kama ngumi ya mtoto. Binti yake wa pekee, Musimbi, mwenye miaka saba, alipenda sana rangi hiyo. Shikanga akalifuta kwa shati.

"Haya, Musimbi," akaliambia akicheka, "twende nyumbani."

Njiani gunia lilikuwa zito kupita kiasi. Akaulaumu mgongo wake.

Kesho yake, baada ya ibada, Rosebella alipakua chakula. Musimbi akatazama sahani, kisha akamtazama mama yake.

"Mama, na yule mwingine?"

"Yupi?"

"Musimbi yule." Akaonyesha rafu.

Wakacheka, lakini si kwa muda mrefu. Jumatano mtoto alianza kukohoa, kikohozi kizito cha mtu mzima. Leso ikatoka na vumbi la kijani. Daktari akasikiliza kifua, akasema ni safi. Kufikia Ijumaa, Rosebella akiita "Musimbi!", mtoto hakuitika. Kilichoitika kilikuwa rafuni. Jiwe liligonga ubao. Mara moja tu.

Shikanga alikimbia kwa Zipporah, bibi kizee ambaye mumewe alifukiwa katika shimo lile lilipoporomoka.

"Walikuwa wanaume sita," Zipporah alinong'ona. "Wazungu walitukataza kukaribia, hata kuwaita hatukuwaita. Wewe ukiokotanga mawe, unasemanga nini?"

Akamweleza.

"Ulimwita kwa jina gani?"

"La mtoto wangu."

Bibi akajifunika mdomo kwa kanga. "Basi nyumba yako iko na Musimbi wawili, mwanangu. Mmoja lazima arudi."

"Nitamrudisha huyo wa shimo!"

"Utamwita nani? Mimi najua jina la mume wangu tu. Wengine walitokanga mbali."

Mchana huo huo alirudi machimboni. Mvua ilikuwa inaanza. Akaliweka jiwe mdomoni mwa shimo na kuliita kwa jina la mume wa Zipporah. Jiwe halikugonga. Akasema, "Wewe uliyetoka hapa, baki hapa." Akageuka. Gunia lilikuwa tupu, lakini lilimvuta bega. Akapiga hatua tatu. Likazidi. Kitu kikakohoa ndani ya gunia, karibu na sikio lake.

Hofu ikamtoa akili. Akapaza sauti, "Musimbi, baki hapa!"

Gunia likawa jepesi.

Halafu, chini kabisa, chini ya mawe, sauti ndogo:

"Baba?"

Alichimba kwa kucha mpaka zikang'oka. Sauti haikurudi. Alipofika nyumbani alimkuta Rosebella mlangoni, analia kwa furaha. "Amepona! Anakula!" Ndani, mtoto alikuwa amechuchumaa juu ya sufuria, akimeza matonge makubwa. Kucha zake zilikuwa na matope mekundu.

"Musimbi," Shikanga aliita.

Mtoto akainua kichwa. "Naam, bwana," akajibu, kama kibarua anavyomjibu msimamizi.

Shikanga aliacha kazi ya mizani. Alichimba shimo lile miaka kumi na mmoja na hakupata kitu ila mawe ya kijani, mpaka mapafu yake yakashindwa. Yule wa nyumbani alikua, akaolewa Matungu. Hakuna siku aliyomwita Shikanga baba.

Mawe yote yalitupwa. Rafu ndiyo iliyobaki ukutani, na pale lilipokaa jiwe la buluu pana alama ya kiganja, ya kijani, yenye unyevu. Rosebella huifuta kila asubuhi. Zamani ilikuwa ya kiganja cha mtoto. Siku hizi inalingana na kiganja chake mwenyewe.