Watoto Wanne wa Adamu

Ndugu zangu wa Bagamoyo, na nyinyi wa Kerege mnaosema haya hayawahusu, kaeni niwaeleze yaliyoikuta nyumba ya Adamu. Sisi watu wa pwani tuna ugonjwa wetu, nao ni kuona muhali. Mtu akitutendea wema, tunashindwa kumwambia hapana hata pale anapotutia shimoni.

Alasiri ile Adamu alikuwa uani akiwamba ngoma. Mkewe Hajra alikuwa anachoma vitumbua, na watoto wanne wanagombea cha kwanza. Watoto hao ni wa marehemu kaka wa Adamu. Adamu na Hajra hawakujaliwa kuzaa, lakini hakuna aliyewahi kumsikia Adamu akisema "watoto wa kaka". Wote wanamwita baba, na mkubwa wao, Sihaba, akija likizo kutoka shule ya bweni, ndiye anayemsomea Kiingereza kinapomshinda.

Kila mwaka, miezi ya joto ya kule, Adamu aliitwa ng'ambo kufundisha ngoma kwenye kambi ya watoto. Nchi yenyewe siitaji, maana kosa halikuwa la nchi hiyo. Kazi ile ndiyo iliyowasomesha wale wanne.

Ujumbe ukaingia kwenye simu.

"Sihaba mwanangu, hebu nisomee hii."

Sihaba akasoma, sauti ikizidi kupungua. Mamlaka ya kodi ya kule inauliza kwa nini ritani yake, ile fomu ya mapato na kodi ya kila mwaka, inasema yeye ni mkaazi wa nchi ile, anayeishi humo na watoto wake wanne. Mpaka ajibu, kibali chake cha kazi kimesimamishwa.

Adamu akaiweka ngozi chini. Alimkumbuka Kitwana, mtu wa Pangani aliyelowea kule, aliyempa malazi bure na kumlisha wali wa nazi katika nchi ya baridi. Kitwana ndiye aliyekuwa akiwajazia ritani Waswahili wa mji ule, naye akimega chake katika kodi inayorudishwa.

"Mimi naishi Bagamoyo, bwana," Adamu alimwambia siku ya kuijaza ritani ile. "Hapa si nakuja na kuondoka tu?"

"Ukijiandika mgeni asiye mkaazi, hurudishiwi cha maana. Anayerudishiwa ni mkaazi mwenye watoto. Watoto unao, huna?"

"Ninao wanne."

"Basi tia sahihi, acha maneno."

Na kweli anao! Kwetu mtoto wa kaka yako ni wako, nani atabisha? Lakini tusimtetee sana. Alijua watoto wale hawajaikanyaga nchi ile. Alijua, akaona muhali kumkatalia mwenyeji wake, na pesa zilipoingia akaezeka nyumba kwa bati jipya. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Alasiri ile ile Adamu akampigia Kitwana simu.

"Sahihi pale ni yako au yangu?" Kitwana akauliza, kisha akakata simu.

Hajra alikuwa amesimama mlangoni, mikono imejaa unga. "Nilikuuliza pesa hizi mbona zimezidi. Ukaniambia mambo ya kodi siyajui."

Kesho yake alfajiri Adamu akafunga safari.

Akaenda Dar es Salaam kwa Bi Nasrin, mtaalamu wa kodi. Bi Nasrin akamwambia dawa ni moja tu: apeleke ritani mpya ya mgeni asiye mkaazi, iliyo kweli tupu, na arudishe kilichozidi pamoja na faini. "Ungeisahihisha kabla hawajakuuliza, pengine wangekuelewa," alisema. "Sasa kibali siwezi kukuahidi."

Siku karatasi zilipokuwa tayari, Adamu hakutaka tena kutia sahihi asichokielewa. Akamwomba Sihaba amsomee neno kwa neno. Msichana akasoma vizuri: jina, Bagamoyo, mgeni asiye mkaazi. Alipofika kwenye barua ya maelezo aliyoiandika Bi Nasrin, akaishusha karatasi.

"Soma, mwanangu."

"Imeandikwa, 'Sina mtoto. Wanne niliowataja si wanangu.'"

Wadogo watatu wakaacha kucheza. Hajra akageuza uso ukutani.

"Ndivyo sheria yao inavyotaka, mama," Adamu alimwambia Sihaba.

"Najua, baba. Tia sahihi hapa." Akamshikia karatasi isipeperuke.

Akatia, na aibu aliyoiona haisemeki.

Kibali hakikurudi. Kambi ikamchukua mpiga ngoma mwingine, na Sihaba akaondolewa shule ya bweni kwa kukosa ada. Mpaka leo bado anamwita baba. Ila Adamu, akisikia jina hilo, husita kidogo kabla ya kuitika.

Funzo

Ndugu zangu, wema wa mwenyeji hulipwa kwa shukrani, haulipwi kwa uongo. Ukiwa mgeni katika nchi ya watu, jiandike mgeni. Usitie sahihi karatasi ya kodi mpaka uielewe, na ukiwa umekwisha kosea, sahihisha kabla hujaulizwa. Mtoto wa nduguyo mpende, mlee, mwite wako mbele ya dunia nzima. Lakini usimtumie kujipatia usichostahili, maana siku ya kukirudisha utatakiwa kwanza umkane.