Chafya Katika Chumba cha Mifupa

Ishara ya kwanza ilikuwa ndogo, ya kupuuzwa na mtu yeyote mwenye haraka. Jebet alikunywa chai yake ofisini, na alipofika kitakoni mwa kikombe akakuta unga wa mbao, ule mweusi uliooza, umetulia pale kama machicha. Akautema. Akasukutua mdomo kwenye sinki, akasukutua tena, na ladha haikutoka: ladha ya mti uliovunda pamoja na kitu kingine ambacho, mjamzito kama alivyokuwa, hakutaka hata kukifikiria.

Unga huo aliujua ulikotoka. Nje kidogo ya Elburgon kulikuwa na kiwanda cha mbao kilichokufa zamani, na ndani ya ua wake mtu mmoja aliyejiita mtumishi wa Mungu alifungua makao ya watoto. Watoto walipomfia kwa njaa aliwafukia kwenye rundo la unga wa mbao nyuma ya msumeno, kwa sababu kuchimba kaburi ni kazi na yeye kazi hakuipenda. Mtu wa namna hiyo hata kumtukana ni kumheshimu. Unga wa mbao ukilowa huchemka wenyewe kwa ndani, na polisi walipolifungua rundo lilikuwa linafuka moshi, na harufu iliyotoka iliwafanya wanaume wazima wainame na kutapika kwenye nyasi.

Mabaki yaliletwa mochari moja mjini Nakuru, na Jebet akapewa uratibu wa kuwatambua. Alihakikisha kipande cha mfupa wa kila mtoto kimefika maabara, na mate ya kila mzazi aliyepotelewa yamechukuliwa kwa kijiti cha pamba. Vinasaba vikilingana, mtoto alirudi kwa mama yake mwenyewe, si kwa mama aliyelia kuliko wote. Mmoja baada ya mwingine wakaenda kwao, Molo, Njoro, Rongai. Akabaki mmoja, kasichana kadogo ambaye mate ya mama wote yalimkataa.

Wakubwa wa Jebet walitaka kazi ifungwe. "Tumzike kwa makaburi ya kaunti, tumalizane," walisema mkutanoni, huku wanakula sambusa na mafuta yanawatiririka vidoleni. Jebet alitazama vile vidole akasikia kichefuchefu kikubwa kuliko alichowahi kusikia mochari.

Mchana huo Wanyoike, mtaalamu wa maabara, alipotoka kwenda kula, Jebet aliingia peke yake katika chumba cha mifupa. Kwao, katika jamii ya Kikalenjin, mtoto akizaliwa kina mama humtia ugoro kidogo puani na kumwita kwa majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine. Jina atakalopigia chafya, basi mwenye jina hilo ndiye aliyerudi. Ni jambo la furaha, na ni la walio hai. Lakini Jebet aliona uchungu kasichana kashushwe kaburini bila kuitwa na mtu yeyote, akasimama juu ya ule mfuko uliofungwa na kuanza kuwataja wafu wa kwao kwa sauti ya kubembeleza. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, walisema wahenga. Kumbe hata huruma ina usaha wake.

Alipofika kwenye jina la nyanya yake aliyemlea, akasema, "Cheruto."

Kitu kikapiga chafya.

Ilikuwa chafya ndogo, yenye majimaji, ya mtoto aliyeshikwa na mafua. Mfuko ukatuna, ukanywea, na kwa ndani plastiki ikabaki imetapakaa unga mweusi uliolowa, unaoteleza chini polepole.

Tangu siku hiyo unga ukahamia nyumbani. Ulikuwa ndani ya viatu, ndani ya ugali, kwenye mkunjo wa shuka ambako Bethwel, mumewe, aliukung'uta akiuliza, "Wewe, nani ananiletea takataka ya mbao kwa kitanda?" Jebet akipenga kamasi, kamasi ilitoka nyeusi.

Wanyoike alimwita maabara akafunga mlango. Mzaha wake wa kawaida haukuwepo.

"Madam, ile sampuli ya mwisho nimerudia kuipima," alinong'ona. "Imepata mama."

"Asante Mungu. Nani?"

"Si unajua sisi wote wa hapa tulipimwa, ndiyo ikichafuliwa na mkono wa mtu tujue ni wa nani? Ni wewe."

"Basi nimeichafua. Labda niligusa."

"Ukigusa ningeona watu wawili wamechanganyika. Hapa kuna mtoto mmoja tu, na nusu yake ni wewe." Akafuta midomo. "Na mara ya kwanza haikuwa hivyo, Madam. Mimi mwenyewe ndiye niliipima."

Jebet alimweleza mama mkwe wake, Chepkurui, mama wa kanisa ambaye majirani wa Rongai walimwendea pia kwa mambo yasiyosemwa kanisani. Chepkurui alimsikiliza hadi mwisho, akatema mate pembeni.

"Umemkaribisha mtu kwa nyumba," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa unataka kumtoa na nini? Mlete. Tumpe mahali pake, na hilo jina lisitajwe tena. Hata kwa bahati mbaya, Jebet. Unanisikia?"

"Nakusikia, Mama."

Majibu ya maabara yalimpa Jebet haki ya kuchukua mabaki, na hakuna mkubwa aliyeuliza swali, maana walichotaka ni kumalizana. Wakamzika nyuma ya boma la Chepkurui. Chepkurui akamwaga maziwa juu ya udongo na kusema, "Lala hapa. Aliye tumboni si wako." Maziwa hayakuzama upesi. Yaliganda, yakapanda povu la kahawia, kisha ardhi ikayanyonya kwa sauti ambayo Jebet alijifanya hakuisikia. Lakini unga na harufu yake vilikatika. Chai ikawa chai.

Mtoto alizaliwa salama, msichana. Kina mama wakakusanyika asubuhi, jua limewaka vizuri, wakamtia ugoro, wakaita. Waliita wafu wa upande wa Bethwel wote, wakaita wa upande wa Jebet wote isipokuwa mmoja, na mtoto aliwatazama tu, macho makavu, mdomo umefungwa. Titi alilikataa. Hospitalini walimpima wakasema hana ugonjwa. Wakamrudisha nyumbani, wakaita upya, na kila jina lililopita bila chafya ngozi yake ililegea zaidi juu ya mifupa, hadi Jebet, aliyekuwa ameishika mifupa mingi ya watoto kwa karatasi na kwa simu bila kuigusa, akawa anazihesabu mbavu za mwanawe kwa kidole na kuelewa kwamba hii ndiyo njaa yenyewe, ile ile ya Elburgon, imekuja kudai mama.

"Mama, anakufa," alinong'ona.

"Bora afe akiwa wetu," alisema Chepkurui, na machozi yakamtoka.

Jebet alimtazama mama mkwe wake kwa kinyaa. Hakukuwa na kifo kilicho bora. Alikuwa amekwisha kuona vya kutosha. Akainamia sikio la mtoto.

"Cheruto," alisema. "Cheruto, njoo unyonye."

Mtoto akapiga chafya, ndogo, yenye majimaji.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Jebet alimfuta pua, akakifungua kitambaa cheupe mbele ya wote. Kulikuwa na unga wa mbao, mweusi, umelowa, na ulikuwa bado una joto la ndani ya lile rundo la Elburgon.

Kina mama walitoka mmoja mmoja bila kuaga, Chepkurui nyuma yao. Mtoto alikuwa ameachama, anatafuta titi, na pumzi yake ilinuka ile harufu. Jebet alimeza matapishi yaliyompanda kooni, akafungua vifungo vya blauzi, akamnyonyesha.