Digrii Tano za Namalwa

Kila asubuhi juma hilo, kengele ya saa tatu ilipolia, Namalwa alitoka darasani na daftari na kipimajoto. Alichuchumaa kwenye uwanja mtupu nyuma ya shule yao ya Longonot, akalaza ncha ya kipimajoto juu ya udongo, akasoma joto wakati ndege ndogo ya Serikali ikipita angani. Ndege hiyo ilibeba kifaa cha kupima joto la ardhi kutoka angani, ili ichorwe ramani ya mahali penye mvuke wa chini ya ardhi. Bwana Surjit, mpimaji kutoka Nakuru, ndiye aliyemkabidhi kazi hiyo, naye Namalwa, binti wa mfanyakazi wa reli, aliifanya kwa fahari.

Ijumaa Bwana Surjit aliandika ubaoni vipimo vya ndege vya Jumatatu hadi Alhamisi: 27, 29, 28, 27. Kisha akaenda kunywa chai na mwalimu mkuu. Namalwa alitazama daftari lake: 32, 34, 33, 32.

"Ndege ya Serikali imekosea, ama wewe ulisinzia?" Kiprugut, mwenzake wa dawati, alimcheka. "Utanyang'anywa kazi hiyo, uoshe madirisha."

Namalwa aliona aibu. Akachukua kifutio, akafuta nambari zake, akaandika zile za ubaoni.

Bwana Surjit aliporudi, alilisoma daftari mara mbili.

"Katika vituo vingine vyote vya kupimia, ndege imesoma chini ya kipimajoto kwa digrii nne au tano," alisema. "Hapa hakuna tofauti. Sielewi. Itabidi nikiondoe kituo hiki kwenye ramani."

Namalwa alisimama. "Nilifuta, Bwana. Zangu zilizidi kwa tano kila siku. Kiprugut alinicheka, nikaogopa kuonekana mjinga."

Bwana Surjit aliinua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha. Alama za penseli zilionekana bado. Akatabasamu.

"Hizi ndizo nilizozifuata, binti. Joto la ardhi hupita kwenye hewa yenye unyevu kabla ya kuifikia ndege, na hewa hulipunguza njiani. Bila kipimo cha kweli cha hapa chini, nitajuaje limepungua kiasi gani? Ndege haiwezi kujisahihisha."

"Kwa hivyo kipimajoto kimeshinda ndege?" Kiprugut aliuliza.

"Kimeisaidia. Wewe, kwa kicheko chako, ulisaidia kifutio."

Darasa likacheka, Kiprugut akiwemo.

"Nambari yenu ikikataa kulingana na ya mkubwa," Bwana Surjit aliwaambia, "pimeni tena. Ikibaki ile ile, iandikeni, na msiifute." Kisha akampa Namalwa kipimajoto kwa juma la pili.